Ng'ambo ya Daraja: Maswali Yenu Kuhusu Kununua Nyumba ya Familia Mombasa

Katika toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu kuhama kisiwani na kununua nyumba kwenye mitaa ya pembeni: Nyali, Bamburi, Kiembeni, Utange, Shanzu, Mikindani. Barua nyingi zimeuliza bei. Hizo tumeziweka kando, maana bei hubadilika kabla wino haujakauka. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatakufaa leo na hata mwakani.

*Tunaishi fleti ya vyumba viwili na watoto watatu. Hawana pa kuchezea isipokuwa ngazini. Mume wangu hufanya kazi bandarini kwa zamu. Tunataka nyumba yenye ua, na jamaa wote wanatusukuma Nyali au Bamburi. Tuelekee wapi?*
*— Mama wa watoto watatu, Tudor*

Mama, kabla hujalinganisha mitaa, tandaza mezani ratiba ya zamu ya mumeo. Upande wote wa kaskazini, kuanzia Kongowea mpaka Mtwapa, huingia kisiwani kwa Daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980 badala ya daraja la kuelea la tangu 1931. Lori likikwama pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huna kichochoro cha kupenyea. Ikiwa baba wa watoto huingilia lango la Kipevu, basi Changamwe, Mikindani au Miritini zitampa njia fupi isiyogusa kisiwa hata kidogo. Kasoro ya upande huo ni malori ya makontena: vumbi, honi za usiku, na barabara ambayo mtoto hawezi kuivuka peke yake. Ukienda huko, tafuta nyumba iliyo ndani, safu tatu au nne nyuma ya barabara kuu.

Akiwa anaingilia lango la Kilindini, lililo kisiwani, mambo yanakaribiana, na hapo Nyali na Bamburi zaweza kushinda kwa upepo, shule nyingi, madrasa na makanisa ya kwenda kwa miguu, na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu wote huuita Pirates. Jumapili familia nzima inashuka baharini kwa nauli ya matatu moja. Hilo si jambo dogo kwa watoto waliozoea ngazi.

Safari ya majaribio ifanyeni wenyewe. Msiifanye Jumapili saa nne ndani ya gari la dalali. Chagueni Jumatatu shule zikiwa wazi, mtoke mlangoni mwa nyumba hiyo saa kumi na mbili na robo, mpande matatu mpaka langoni mwa shule, kisha mpaka kazini. Jioni rudini njia ile ile. Andikeni dakika. Ikipita saa moja na nusu kwenda peke yake, jueni ua huo mtauona wikendi tu.

Jambo la mwisho ni njia za ndani. Nyali ya zamani ilikatwa kutoka shamba kubwa la mkonge, ikapimwa, na barabara zake zikaachwa pana. Sehemu nyingi za Kiembeni na Utange ziligawanywa kidogo kidogo kutoka mashamba, na kila muuzaji aliacha upenyo kadiri ya roho yake. Boza kubwa la maji linataka njia ya takriban mita 4 na pahali pa kugeukia. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja, kwa hivyo pima kwa miguu. Mahali boza halipiti, gari la zimamoto pia halipiti.

*Dalali anasema nyumba tuliyoipenda Kiembeni "ina maji yake": kisima kilichochimbwa kwa mashine na tangi la lita 5,000. Tumwamini?*
*— A. M., Kisauni*

Ndugu A. M., mwamini kwamba kisima kipo. Mengine yapime mwenyewe.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayajawahi kutosha, na mitaa iliyo mwisho wa bomba hupata zamu chache kwa wiki. Ndiyo maana kila mjenzi huchimba. Tatizo ni kwamba chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya maji. Kwa hesabu ya wataalamu wa maji ya ardhini, kiwango cha maji matamu kikishuka mita 1 kwa kuvutwa sana, mpaka wa chumvi chini yake waweza kupanda hadi mita 40. Kisima kilichokuwa kitamu mwaka kilipochimbwa huwa chumvi baada ya majirani kumi nao kuchimba vyao.

Kwa hiyo usionje maji mwezi wa Juni, mvua ya masika ikiwa imetoka tu kunyesha. Yaonje Februari au mapema Machi, kiangazi kikiwa kimekolea. Nunua au azima kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu. Mwaga maji dakika ishirini kwanza ili upate ya kisimani, si yaliyolala tangini. Chini ya miligramu 600 kwa lita ni maji mazuri ya kunywa kwa ladha. Yakizidi 1,000, familia nyingi hushindwa kuyanywa, sabuni haitoi povu vizuri, hita ya bafuni huota magamba meupe, na minazi tu ndiyo itakayokushukuru bustanini. Kipimo hicho hakionyeshi vijidudu. Peleka pia chupa maabara, na uliza hasa kuhusu bakteria na naitreti, kemikali ambayo huingia majini pamoja na kinyesi.

Naitreti? Ndiyo, kwa sababu ya choo. Sehemu kubwa ya kaskazini haina bomba la maji taka la umma. Kila nyumba ina tangi la septiki na shimo la kunyonya, na jiwe la matumbawe hunyonya upesi mno, likapeleka uchafu chini kabla haujachujwa. Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya kisima na shimo la choo, lako na la jirani. Kwenye jiwe letu hilo, zaidi ni bora. Panda juu ya paa au ukuta, tafuta mfuniko wa shimo la jirani, upime kwa macho. Katika ploti ya futi 50 kwa 100, mita 30 hazipatikani bila hesabu ya makusudi, na wajenzi wengi hawakuifanya.

Sasa tangi. Watu watano, kila mmoja lita 100 kwa siku, ni lita 500. Tangi la lita 5,000 ni siku kumi, na bomba likikatika wiki mbili mtabaki mkisubiri boza. Tunapendekeza lita 10,000, ziwe juu au katika birika la chini lililopigwa plasta ya kuzuia maji. Bora zaidi, omba nyumba yenye bomba za njia mbili: maji ya chumvi yaende chooni na kufua, maji matamu yaende jikoni. Kupika na kunywa kwa watu watano ni takriban lita 50 kwa siku, kwa hivyo tangi dogo la lita 1,000 la maji matamu litawapitisha karibu siku 20. Boza moja likija, mnamaliza msimu wa shida bila kugombana na jirani.

Na paa lako usilidharau. Mombasa hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikimiminika Aprili na Mei. Paa la mita za mraba 100, ukitoa upotevu wa sehemu ya tano, hukupa karibu lita 80,000 kwa mwaka. Weka mfereji wa plastiki, maana wa mabati huliwa na hewa ya bahari, na kiungo cha kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha kunguru.

*Mzee mmoja ananiuzia nyumba nzuri Kisauni kwa bei ya chini sana. Anasema ardhi ni ya mwenye shamba, naye humlipa kodi kidogo kila mwezi. Jirani yake kuna ploti tupu yenye hati, bei juu zaidi. Nichukue ipi?*
*— Bakari, Majengo*

Bakari, hapo umegusa jambo la Mombasa hasa. Nyumba bila ardhi ni desturi ya zamani mjini humu: ukuta, mlango na paa ni vyako, ardhi ni ya mtu mwingine, na wewe unalipa kodi ya ploti. Majengo kwenyewe unakokaa kuna nyumba nyingi za namna hiyo. Si haramu kununua, lakini jua unachonunua. Hupati hati ya ardhi. Benki haitakukopesha kwa kuiweka rehani. Mwenye ardhi akiuza, mnunuzi mpya atakuja na masharti yake. Na usidanganywe kwamba ukikaa miaka 12 ardhi inakuwa yako. Sheria ya kumiliki kwa kukaa inamhusu aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe, wala haimhusu anayelipa kodi na kupewa risiti. Ukiamua kuinunua hata hivyo, usilipe kabla mwenye ardhi hajaweka sahihi kwamba anakutambua, kiasi cha kodi, na kama unaruhusiwa kujenga ghorofa.

Ploti tupu yenye hati inaonekana salama. Inaweza kuwa, inaweza kutokuwa. Fuata mfuatano huu, na usiruke hatua kwa sababu muuzaji "ana haraka kuna mwingine".

Kwanza nakala ya hati. Soma namba. Mombasa, MN ni bara kaskazini na magharibi, MS ni upande wa Likoni. Ploti za Nyali huandikwa MN/I na namba, za Changamwe na Miritini MN/VI. Muuzaji akikuonyesha ardhi iliyopo Kisauni na hati ya MS, usiendelee na mazungumzo. Angalia pia kama ni umilikaji wa kudumu au wa mkataba wa miaka, na imebaki miaka mingapi.

Pili, upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, ambao watu huuita sachi. Ufanye kwa namba ya hati, si kwa karatasi aliyoileta muuzaji. Utaona jina la mwenyewe, rehani ya benki, na mazuio. Jina lisipolingana na kitambulisho herufi kwa herufi, uliza kwa nini.

Tatu, mpima ardhi aliyesajiliwa. Achukue ramani ya upimaji, aende na wewe shambani, akuonyeshe vigingi vya mipaka vyote vinne. Kosa linalojirudia ni ploti sahihi kwenye hati na ploti tofauti ardhini: mtu anajenga kwa jirani. Mpima huyo huyo akuonyeshe hifadhi ya barabara, hasa karibu na barabara ya Malindi ambayo imekuwa ikipanuliwa kuelekea Mtwapa na Kilifi, na njia ya nyaya za umeme mkubwa.

Nne, watu. Tembea kwenye ploti jioni na asubuhi. Uliza anayelima mihogo pale, aliyepanda mnazi, mwenye kibanda cha mabati. Hapa ndipo miaka 12 inapokugeukia: aliyekaa wazi bila ruhusa kwa muda huo ana madai yanayotambuliwa na sheria hata kama hayakuandikwa kwenye hati. Upande wa Kisauni, wenye mashamba wengi wa zamani hawakuwa wakikaa huko, na hilo hutokea sana.

Tano, chanzo cha hati. Wengi hawaifanyi hatua hii, nayo imekuwa ya lazima. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti moja ya ufuoni Nyali, iliyokuwa imetengwa kuwa eneo la wazi la umma kabla ya kugawiwa mtu. Kampuni iliyoinunua baadaye ilikuwa na hati na ilikuwa imelipa, lakini mahakama ilisema kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na hati iliyozaliwa hapo haiwezi kumlinda hata mnunuzi wa baadaye. Mwambie wakili afuate hati mpaka mgao wa kwanza, na atazame ramani ya mpango wa eneo. Ploti iliyochorwa kama uwanja, shule au njia ya kwenda baharini usiiguse, hata ikiwa nusu bei. Kwa mwenye watoto kuna faida ya pili: ramani hiyo hiyo itakuonyesha uwanja wa kuchezea uliobaki uko wapi.

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote mbili na mashahidi. Barua ya chifu haichukui nafasi yake. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi iandikwe pia.

*Nina akiba ya shilingi milioni 1.6. Natazama nyumba ya milioni 8 Bamburi. Sitaki riba. Benki ya Kiislamu imeniambia nitoe asilimia 20 nao watoe 80. Kuna gharama nyingine?*
*— Dada Z., Bombolulu*

Zipo, Dada, na ndizo zitakazokukwamisha. Asilimia 20 ya milioni 8 ni milioni 1.6 kamili. Hutabakiwa na senti.

Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 320,000 kwa nyumba hiyo, na mthamini wa serikali akiona thamani ni zaidi ya bei mliyoandika, atahesabu kwa thamani yake. Wakili wako huwa kati ya asilimia 1 na 2, akiongeza VAT ya asilimia 16 juu ya ada yake. Juu ya hapo kuna mthamini wa benki, usajili, bima, na wakili wa benki ambaye mara nyingi wewe ndiye unayemlipa. Tenga asilimia 7. Kwa hiyo pesa zako zinatosha nyumba ya karibu milioni 5.9: asilimia 20 na 7 za bei hiyo ni takriban milioni 1.59. Ama punguza bei, ama subiri akiba ikue.

Kuhusu mpango wenyewe, pengine watakupa mushaaraka inayopungua. Wewe na benki mnanunua pamoja. Unalipa kodi kwa sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande kidogo cha sehemu hiyo mpaka nyumba ibaki yako. Waulize mambo manne kabla ya sahihi: kodi inakadiriwa upya kila baada ya muda gani na kwa kipimo kipi, ukichelewa, faini inaenda wapi, ukipata pesa, unaruhusiwa kununua sehemu yote mapema kwa bei gani, na hati inakaa kwa jina la nani.

Neno moja la pembeni. Tangu Januari 2023 muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, zamani ilikuwa 5. Baadhi ya wauzaji watakuomba mwandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa. Siku utakapouza wewe, faida yako itahesabiwa kutoka ile bei ndogo, na kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe.

*Tukienda kuiangalia nyumba iliyojengwa miaka kumi au zaidi, tuangalie nini? Zote zinapakwa rangi mpya wiki moja kabla.*
*— Baba Juma, Mikindani*

Rangi mpya ni mahali pa kuanzia, Baba Juma. Chukua sarafu ya shilingi ishirini, gonga ukuta na nguzo kwa utaratibu, kila nusu mita. Sauti kavu ya jiwe ni nzima. Sauti ya mtungi mtupu ina maana plasta imeachana na ukuta, au zege imevimba ndani.

Adui wa hapa ni chumvi. Hupeperuka na upepo wa bahari, na mafundi wengine huileta wenyewe kwa kuchanganya simiti na mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa, au maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi ikifika kwenye chuma kilichomo ndani ya zege, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Zege haina pa kwenda, hupasuka. Simama chini ya roshani, tazama juu. Mstari wa rangi ya kahawia unaofuata ukingo, ufa mwembamba ulionyooka kama umepigwa rula, au kiraka kipya cha simiti chenye rangi tofauti: hivyo vyote vinasema jambo moja. Angalia pia nguzo za gereji, mihimili iliyoshikilia tangi la juu, na chini ya ngazi za nje. Nyumba yenye dalili hizo kwenye roshani moja hurekebishika. Ikiwa ziko kwenye nguzo zinazobeba ghorofa, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kutoa arubuni.

Ndani, fungua kabati la chini ya sinki, upitishe kidole kwenye viungo vya bomba. Ukoko wa kijani au mweupe unakuambia maji ya nyumba hiyo ni ya namna gani kuliko maneno ya dalali. Tazama dari pembeni mwa kuta kwa madoa ya duara ya maji. Bonyeza fremu za milango ya mbao chini kabisa kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mchwa wameshakula. Washa kila taa, kisha hita na pasi pamoja uone kama umeme unakatika. Vuta maji vyoo vyote kwa mpigo, utoke nje usikilize shimo.

Halafu rudi Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku. Ukuta wa ua huweka alama ya matope pale maji yalipofika. Baadhi ya sehemu za Bamburi, Bombolulu na Mshomoroni zina mabonde ambayo maji hukaa siku kadhaa, na barabara iliyoinuliwa kwa murramu kila mwaka sasa iko juu kuliko kizingiti cha nyumba. Mwendesha bodaboda wa kona ile anajua ni mtaa upi. Mnunulie chai, umuulize.

*Tumepata fleti Nyali ndani ya mtaa wenye geti, bwawa la kuogelea na walinzi. Je, ni bora kuliko nyumba ya peke yake?*
*— Mama Neema, Ganjoni*

Kwa mzazi anayefanya kazi mchana kutwa, geti lina raha yake: watoto wanaendesha baiskeli bila kuogopa tuktuk. Ila geti hilo hulipiwa kila mwezi, milele. Omba barua tatu kabla ya kuamua: hesabu za ada ya huduma za miaka miwili iliyopita, orodha ya wanaodaiwa (bila majina, idadi tu), na salio la mfuko wa matengenezo makubwa. Wakiwa wanaodaiwa ni wengi na mfuko ni mtupu, pampu ya kisima ikiungua mtachangishana kwenye kikundi cha WhatsApp. Lifti karibu na bahari huharibika upesi. Ghorofa ya tano bila lifti na mtoto mchanga, wajua mwenyewe.

Hati pia iulize. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inataka kila fleti iwe na hati yake na sehemu ya ardhi ya pamoja, chini ya shirika la wamiliki. Majengo mengi ya zamani bado yana mikataba ya upangaji wa muda mrefu ambayo haijabadilishwa. Gharama ya kubadilisha ni ya nani, iandikwe mkatabani.

Na usiku wa Ijumaa, saa nne, kaa ndani ya gari nje ya geti. Fleti za Nyali nyingi hukodishwa kwa siku kwa wageni. Fleti kumi za namna hiyo katika jengo la ishirini zinamaanisha muziki, masanduku yanayoburuzwa usiku wa manane, na nyuso mpya bwawani kila wiki. Soma kanuni za jengo uone kama zinakataza, na kama kuna aliyewahi kuchukuliwa hatua.

*Mtwapa bei ni nafuu na watu husema ni Mombasa. Ni kweli?*
*— Kijana, Likoni*

Kimaisha ndiyo, kisheria hapana. Ukivuka daraja la mkono wa Mtwapa umeingia Kaunti ya Kilifi. Ada za ardhi unalipa Kilifi, na kibali cha ujenzi unaomba Kilifi. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba huanguka. Dalali wa Mombasa asiyejua hilo atakupotezea arubuni bila nia mbaya.

*Tumenunua ploti Utange, tutajenga mwakani. Nyumba tuielekeze wapi?*
*— Wazazi wapya, Shanzu*

Elekezeni madirisha makubwa ya vyumba vya kulala kusini-mashariki na kaskazini-mashariki. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili zinazotazamana hupitisha hewa hata feni ikizimika. Jiko na bafu ziwe magharibi, zichukue jua la alasiri kwa niaba yenu, na choo kiwe upande ambao upepo hauleti harufu ndani. Baraza pana ya mita 2 mbele huzuia mvua ya kusi isipige milango, na watoto hupata pa kuchezea masika yote. Shimo la septiki lipangeni kwanza kabisa, kabla ya kuchora chumba chochote, likiwa kwenye kona iliyo mbali na kisima chenu na cha jirani. Fundi akianza na nyumba, shimo litaishia pale nafasi ilipobaki.